Kolera ikishapita, nini inabaki kwetu?

(Maneno ya kikundi cha afya mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, tumeondoa tu marudio.)



Komite imetupa sisi wa kikundi cha afya nusu saa, na imetuomba tuongee juu ya usafi. Tulipokaa kutayarisha tulijiuliza: usafi gani tena? Kila mutu aliye hapa amekwisha kusikia "nawa maboko" mara elfu moja. Amesikia kambini kwa kipaza sauti, amesikia kwenye radio, kanisani, msikitini, kwa reko anayepita nyumba kwa nyumba na karatasi yake ya picha. Kama hayo maneno yangekuwa sabuni, sisi watu wa Fizi tungekuwa tunateleza barabarani.

Basi hatukuja kufundisha kunawa. Tunataka tuangalie jambo lingine: haya magonjwa makubwa yaliyotupitia yametuacha namna gani? Yamebadilisha nini katika mawazo yetu juu ya maji, juu ya choo, juu ya lopitali, juu ya maiti, juu ya jirani? Maana ugonjwa hauondoki peke yake. Unaondoka na watu, na unaacha mazoea. Mazoea mengine ni mazuri, mengine yanaua kuliko ugonjwa wenyewe. Mwishoni tuko na ombi, na ombi hilo linagusa kese. Kwa hiyo musilale.

Tuanze na sisi wenyewe. Lugufu na Nyarugusu tulisema kipindupindu. Tuliporudi tukakuta wenzetu waliobaki wanasema kolera. Ugonjwa ni uleule, lakini ile tofauti ya jina ilibeba tofauti nyingine nyingi. Kambini choo kilikuwa sheria. Maji yalitoka bombani kwa saa zake, unapanga foleni na bidoni zako, na yalikuwa na klore. Watoto waliozaliwa kule walifikiri maji yote ya dunia yananuka vile. Halafu kuanzia mwaka 2005 HCR ikaanza kutuvusha kwa mashua kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka, na mtoto wa kambi akashuka ufukoni akaona bibi yake anachota maji ziwani, hatua chache kutoka pale watu wanapooga na kufua. Mtoto akakataa kunywa. Bibi akaumia moyo. Majirani wakasema: hawa wa-Tanzania wanajiona.

Mulikuwepo wengi, munakumbuka maneno ya ile miaka. Sisi tuliwaona waliobaki kama watu wasiojali. Wao walituona kama watu wa kudekezwa. Ilichukua muda mrefu mpaka tukakaa nao, wakatueleza. Mama mmoja alituambia: wakati wa vita tulikuwa porini, na ukiwasha moto kuchemsha maji, moshi unaonyesha mahali mulipo. Sasa wewe unaniuliza kwa nini sikuzoea kuchemsha maji? Hakuna aliyepata jibu. Mutu aliyeishi miaka kwa kuogopa moshi hawezi kugeuzwa na karatasi ya picha kwa siku moja.

Na kulikuwa na neno lingine baya zaidi, kwamba kolera tumekuja nayo sisi katika zile mashua. Hapa tuseme wazi, juu hata leo neno hilo halijafa. Kolera iliingia upande huu wa mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, kabla sisi wengi hatujakimbia, wengine hata kabla hatujazaliwa. Tangu hapo miji ya kandokando ya maziwa, kama Goma, Uvira, Fizi yetu na Kalemie, imekuwa makao yake. Inapanda, inashuka, haikauki. Hakuna mashua ya warejea iliyohitajika kuileta.

Lakini angalia jinsi wazo hilo linavyopenda kuzaliwa kila mahali. Mwezi wa tano mwaka 2015 Warundi walikimbia wakajaa Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, maelfu kwa maelfu ya watu. Kipindupindu kikawaingia, wakafa watu kama 30, na meli Liemba ikawa inawabeba kuwapeleka Kigoma, na kutoka pale wakaletwa Nyarugusu. Wenzetu waliokuwa bado kule walisikia maneno yaleyale kambini: wageni njo wameleta. Mkimbizi wa zamani anamnyooshea mkimbizi mpya kidole. Ugonjwa wa mlipuko kila mara unatafuta mgeni wa kubebeshwa, na mgeni huyo akishajua anatazamwa vile, kitu cha kwanza anachofanya ni kuficha mgonjwa wake. Hapo njo hatari inaanza.

Kuna wanaofikiri kolera inachagua watu wachafu. Wakumbuke Goma, mwezi wa saba mwaka 1994. Kwa siku chache tu waliingia wakimbizi wa Rwanda kati ya laki tano na laki nane. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu 50,000, wengi kwa kolera, kisha kuhara damu. Je, hao walikuwa wachafu? Kati yao kulikuwa na walimu, wauguzi, bamama waliokuwa wakifagia uwanja wao kila asubuhi kabla jua halijatoka. Shida ilikuwa nini? Ardhi ya Goma ni mawe ya volkano, hauchimbi choo kwa jembe, hata kaburi hauchimbi. Maji ya karibu yalikuwa ya ziwa Kivu. Mutu msafi kabisa, ukimweka juu ya jiwe bila shimo na bila bomba pamoja na wengine nusu milioni, atakuwa amekula kinyesi cha jirani kabla ya wiki kuisha. Samahani kwa neno hilo, lakini kolera ni hiyo, na tukiisema kwa maneno ya heshima hatutaielewa.

Tuna mfano mwingine wa wakimbizi, wa mbali, ambao tunaupenda sana. Mwaka 1971 watu wa Bangladesh walikimbia vita wakaingia Uhindi kwa mamilioni. Katika kambi ya Bangaon kolera iliua hata watu 30 kwa kila 100 walioipata, na maji ya kutundika kwenye mshipa yakaisha. Daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, akaamua kuchanganya chumvi, sukari na maji, akawapa ndugu za wagonjwa vikombe: munyweshe wenyewe. Vifo vikashuka mpaka chini ya 4 kwa 100. Ile pakiti ya sero mnayopewa kwenye kituo cha afya, sifa zake zilitoka katika matope ya kambi ya wakimbizi, mikononi mwa bamama na kaka wasiosomea udaktari. Tukisikia mutu anasema wakimbizi wanaleta magonjwa tu, tumwambie na hilo.

Sasa tuje kwa lopitali. Kwa nini mutu wetu anangoja mpaka macho yameingia ndani ndipo anakubali kubebwa? Wageni wengi wanaandika kwenye ripoti kwamba ni ujinga, ni imani za kienyeji. Sisi tunasema hapana. Woga huo una historia, na historia yenyewe iko na sababu.

Wakati wa Wabelgiji ulikuwepo ugonjwa wa usingizi, malale. Waliopatikana nao walifungiwa katika lazareti, mahali palipolindwa, na wengi hawakutoka. Walidungwa dawa iliyoitwa atoksili, yenye arseniki ndani, na kuna waliopofuka kwa dawa hiyo. Watu walikamatwa kupapaswa shingo, wakatakiwa kuwa na karatasi ya afya ndipo wasafiri. Babu akiona helmeti nyeupe alikimbilia msituni. Je, alikuwa mjinga? Alikuwa ameona jirani yake akienda na macho na kurudi bila macho, au bila kurudi.

Halafu Yambuku, mwaka 1976, huko Ekwatere. Ebola ilipotokea mara ya kwanza iliua watu 280 kati ya 318. Katika lopitali ya misheni pale, kila asubuhi walitoa sindano tano, na hizo tano zikatumika kwa wagonjwa wote wa siku, zikisuuzwa tu katika maji. Wengi wa waliougua mwanzoni walipata virusi kwa sindano, hata bamama wenye mimba waliokuwa wamekuja tu kupimwa. Lopitali ikafungwa, na ugonjwa ukaanza kupungua. Na jambo ambalo halisemwi mara nyingi: wazee wa vijiji vya pale walifunga njia wenyewe, wakazuia kuingia na kutoka, wakawatenga wagonjwa, kama wazee wao walivyofanya zamani kwa ndui. Elimu ya kutenga mgonjwa haikuja na ndege. Ilikuwepo. Na bazee wetu hapa wengi wana alama ya chanjo ya ndui kwenye mkono, ugonjwa ambao dunia ilitangaza mwaka 1980 kwamba umekwisha. Chanjo ile walioipata waliikubali wengi wao, juu walikuwa wameona nyuso za waliopona na ndui, na walijua wanakimbia nini.

Basi tusichanganye mambo. Watu wetu hawaogopi dawa. Wanaogopa mkono usiowajua.

Hili lilionekana vizuri sana Beni na Butembo, na tulikaeni kidogo juu yake, kwa sababu baadhi ya wanachama wetu wana ndugu kule na wengine walikuwa wakifanya biashara kwenye ile barabara. Ebola ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018. Ilikwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafa. Kulikuwa na chanjo, zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Kulikuwa na pesa nyingi, magari mengi, wataalamu wengi. Kwa nini ikachukua karibu miaka miwili?

Weka mwenyewe mguu katika kiatu cha mutu wa Beni. Tangu 2014 watu wa eneo lake wanachinjwa usiku kwa mapanga. Wanalia, hakuna anayekuja. Siku moja unaingia ugonjwa ambao hajawahi kuusikia kwake, na wiki ileile barabara inajaa magari meupe. Anajiuliza: kumbe walikuwa wanajua njia ya kufika hapa? Kisha mwezi wa kumi na mbili wanamwambia hutapiga kura ya rais, juu ya Ebola. Lakini kanisani anaenda, sokoni anaenda, shule ziko wazi. Kura tu njo inaambukiza? Watu wakatoka barabarani, kituo cha Ebola Beni kikavamiwa. Mwaka uliofuata vituo vya Katwa na Butembo vikachomwa na kupigwa risasi, na daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kusaidia, akauawa Butembo mwezi wa nne 2019. Hatumtetei hata kidogo aliyefanya hivyo. Tunasema tu kwamba maneno "Ebola ni biashara" hayakuanguka kutoka mbinguni.

Sasa usafi uliingiaje hapo? Kwenye vizuizi vya barabarani. Kila gari lilisimama, wote mushuke, munawe, mupimwe joto kwa ile bunduki ndogo kwenye paji la uso. Maji ya klore yalikuwepo siku zote. Watu walinawa, wengi sana walinawa, pengine hakuna wakati watu wa Kivu walinawa kama miaka ile miwili. Lakini kunawa kukawa kama kulipa kodi ya barabara. Unanawa juu ya askari, siyo juu ya ugonjwa. Kizuizi kilipoondolewa, zile bidoni zenye robine zilikauka. Ukipita unaziona mbele ya maofisi, zimejaa vumbi na utando wa buibui, zimeandikwa jina la shirika kwa rangi nzuri.

Lakini kuna kilichobaki, na hicho ndicho cha kufikiria. Kilichobaki ni kile watu walichokiona kinafaa kwa macho yao wenyewe. Mwanzoni mgonjwa alichukuliwa na watu waliovaa kama wanaenda mwezini, akafa nyuma ya ukuta, akazikwa katika mfuko, familia ikiwa mbali. Baadaye vikaletwa vyumba vya plastiki inayoonyesha ndani, mama akaweza kumwona mwanawe na kuongea naye. Waliopona wakaajiriwa kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kwa kuwa wao hawakuogopa tena kuwashika. Na dawa mbili zikaonekana zinafaa. Moja ilitokana na damu ya mutu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, kwa kazi ya profesa wetu Muyembe na wenzake. Mgonjwa aliyefika mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, akipata moja ya dawa hizo, karibu tisa kati ya kumi walipona. Pale watu walipoanza kuona jirani anatoka akitembea kwa miguu yake, maneno yakabadilika. Siyo kwa wote, lakini yalibadilika. Mutu hakubali kituo cha matibabu kwa sababu umemtisha na kifo. Kifo anakijua kuliko wewe. Anakubali akiona mtu amerudi.

Na huku Ebola ikichukua magari na kamera zote, surua, ile lopitalini wanaita rujole, ilikuwa inatembea katika mikoa yote ya nchi. Kati ya 2019 na mwezi wa nane 2020 wagonjwa walipita 380,000, waliokufa walipita 7,000, na wengi wao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Mara tatu ya vifo vya Ebola, na chanjo yake iko tangu zamani, ni ya bei ndogo. Hakuna aliyesimamisha gari kwa ajili ya surua. Tunalisema hili kwa wanachama na kwa wafadhili vilevile: woga ni mwalimu mbaya wa hesabu. Tunaogopa kile kinachotisha, tunaacha kile tulichokizoea kituue polepole. Mtoto akifa kwa surua au kwa kuhara tunasema "ni mambo ya watoto". Hakuna mambo ya watoto ya namna hiyo.

Ya korona tutasema kidogo tu. Ilitufundisha kusalimiana kwa kiwiko, na miezi michache baadaye tukarudia kushikana maboko kama zamani. Kilichotuudhi ni barakoa ya kuvaa ukikaribia polisi, kuvua ukishampita. Kodi nyingine ya barabara.

Sasa turudi nyumbani, kwenye maji. Uvira kulifanyika uchunguzi ambao kila mfadhili angepaswa kuusoma kabla ya kutupigia hesabu za ndoo. Walichukua hesabu za wagonjwa wa kituo cha kolera kwa miaka mitano, 2009 mpaka 2014, wakazilinganisha na siku ambazo Regideso ilitoa maji na siku ambazo haikutoa. Wakaona hivi: siku bomba ikikauka, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa wanazidi mara mbili na zaidi. Na kwa jumla, wagonjwa kama 23 kwa kila 100 wangeweza kuhesabiwa juu ya kukatika kwa maji. Watu hawakuwa wamesahau kunawa wiki ile. Walikuwa walewale, na sabuni ileile. Bomba ilikauka, wakaenda ziwani na mtoni. Halafu mwezi wa nne 2020 mto Mulongwe ukafurika, ukaua watu, ukabomoa nyumba, ukaharibu mitambo ya maji. Mutu ambaye amesomba bidoni ya lita 20 kwa kichwa kutoka mbali, unamwambia atumie lita ngapi kwa kunawa? Atanawa kwa vidole vitatu. Hata sisi.

Kwa hiyo wafadhili wetu wapendwa, tunawaomba msichoke na neno hili: mnakuja na ndoo wakati wa mlipuko, tunashukuru, ndoo zinasaidia. Lakini bomba ya kituo inakufa mwezi ambao hakuna mlipuko, kwa kukosa kipande kidogo cha mpira, na mwezi huo hakuna aliye na pesa za kolera kwa sababu kolera iko chini. Tupeni fundi na vipuri katika miezi ya kimya. Na mtu anayesimama ufukoni asubuhi kutia klore katika bidoni za bamama, alipwe mwaka mzima, siyo wiki sita. Mama akizoea kwamba Jumatatu yupo na Alhamisi hayupo, hataamini klore, ataamini bahati. Juu ya ile maneno kwamba klore inazuia kuzaa: wanaotia klore ni watoto wetu, nendeni mkawaulize, na hesabuni wajukuu wenu waliokua kambini kwa maji ya klore.

Sasa ombi.

Kese ya chama chetu tangu mwanzo ni kese ya kilio. Mwanachama akifiwa, tunatoa bashi, sanduku, bugali na ndagala kwa wanaokesha. Ni jambo jema, hakuna anayetaka kuliondoa. Kukimbia kulitufundisha maana ya kuzikwa na watu wako, wengine tuliacha wafu wetu njiani bila hata jani juu yao. Lakini angalieni kese inavyosema: ukifa, tunakuja na pesa. Ukiwa unakufa, tunakuja na pole.

Mutu mzima mwenye kolera kali anaweza kupoteza hata lita moja ya maji kwa saa. Akianza saa mbili ya usiku, asubuhi anaweza kuwa maiti. Akifika mapema akapewa maji, ya kunywa au ya mshipa, katika mia hafi hata mmoja. Kati ya hizo njia mbili kuna nini? Mara nyingi kuna motari anayetaka pesa mara mbili kwa sababu ni usiku, na mara tatu akisikia neno kolera. Kwa wale wa vijiji vya kusini kuna mtumbwi na mafuta ya injini. Familia inangoja kuche ili ikope. Na inangoja pia kwa haya, kwa sababu wakipita usiku na mgonjwa wa kuharisha, kesho mtaa mzima utasema nyumba ile ni chafu.

Tunapendekeza kipande cha kotizasio kitengwe, kiitwe mfuko wa safari. Kila mtaa kuwe na mwenye zamu anayeweka pesa ya safari moja nyumbani kwake, usiku na mchana. Mgonjwa akianza kuhara maji kama ya mchele, haombi barua, haombi sahihi ya rais wa chama, anachukuliwa. Hesabu inafanywa kesho. Tumekwisha kuongea na motari watatu ambao ni watoto wa wanachama, wamekubali bei moja, usiku na mchana, na tutawapa klore ya kusafisha kiti mbele yao wasiogope. Mwenye zamu awe pia na pakiti za sero. Zikikosekana, atengeneze: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Mgonjwa aanze kunywa kabla pikipiki haijafika, na anywe njiani.

Jambo la pili ni gumu zaidi, na mabishano yatakuwepo. Aliyekufa kwa kolera, maiti yake ioshwe na wale waliofundishwa, kwa klore, familia ikiwepo inaangalia na kuomba. Na siku hiyo chakula cha kilio kisipikwe katika uwanja wa nyumba hiyo, kipikwe kwa jirani. Bazee, tunajua uzito wa maneno haya. Ndiyo maana tunataka yaamuliwe hapa, na sisi wenyewe, wakati hakuna maiti mbele yetu, kuliko kuja kuamuliwa siku moja na watu wa magari meupe.

Tumesikia tayari pingamizi la wengine kwamba mfuko wa safari utakula kese, siku ya msiba tukute ni tupu. Mtunza kese amebandika hesabu ukutani pale nyuma, pesa ya kilio kimoja na pesa ya safari, kila mutu aende aangalie mwenyewe. Pingamizi la pili ni kwamba kuna watakaosingizia kolera ili wapande pikipiki ya bure kwenda kwa wachumba. Inawezekana. Tutalipa hizo safari mbili tatu.

Kila mtaa utakaa peke yake kwa robo saa, halafu tutapiga kura kwa kuinua mikono. Wanaopinga waanze wao kusema, tuwasikilize kwanza.